Pampu ya bustani inaunguruma lakini haizunguki: nitengeneze au ninunue nyingine?

Swali: "Shikamoo fundi. Nina bustani ya mchicha, bamia na nyanya chungu hapa Mikindani. Namwagilia kwa pampu ya umeme ya nusu hosipawa niliyoinunua miaka mitatu iliyopita. Maji ya kisima changu yana chumvi kidogo. Kipindi chote cha mvua sikuitumia. Mwezi huu wa Mei nimeiwasha inaunguruma tu, haizunguki, na baada ya dakika moja inakuwa ya moto. Fundi wa kwanza kasema mota imeungua, anataka 65,000 aisuke upya kwa waya mpya wa ndani. Wa pili kasema pampu hizi hazitengenezwi, ninunue mpya, na dukani Mtwara mjini mpya ni 120,000. Nimsikilize nani? Pia nina mashine ndogo ya umeme ya kukatia majani, inatoa cheche nyingi kwa ndani. Nayo ndiyo imekufa?"

Marahaba, dada. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja wao. Kwa maelezo yako hakuna aliyeifungua hiyo pampu, wala aliyeipima. Wote wawili wamekutajia bei ya ugonjwa ambao hawajauona.

Kuna sentensi moja katika maelezo yako iliyonishtua, nayo ni kwamba pampu ilikaa kipindi chote cha mvua bila kuguswa. Huku kwetu mvua huanza kushika Novemba au Desemba na kuisha Aprili, kwa hiyo imekaa miezi mitano hivi, ikiwa na maji ya chumvi tumboni. Ilikuwa nzima ulipoizima. Mota haiungui ikiwa imezimwa. Kinachoweza kutokea kwenye pampu iliyolala ni kutu, na kutu ndiyo ninayoishuku kabla ya kitu kingine chochote. Kila mwaka Mei na Juni, watu wanaporudi kwenye bustani zao, pampu za namna hii huletwa kwa mafundi kwa wingi, na nyingi hazina ubaya wowote kwenye mota.

Naomba kwanza uache kuijaribu. Kila unapoiwasha ikaunguruma bila kuzunguka, waya wa ndani unapitisha umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake, wala feni ya nyuma haipulizi kuupoza. Ndiyo maana inakuwa ya moto upesi hivyo. Ukiendelea kuiwasha kwa matumaini kwamba itashtuka na kuondoka, utaiunguza kweli, na hapo yule fundi wa kwanza atakuwa amesema kweli baada ya tukio.

Sasa chomoa plagi ukutani. Usizime swichi tu, chomoa kabisa. Nyuma ya pampu kuna kifuniko cha bati au plastiki chenye matundu, kinashikwa na skrubu chache. Kifungue utaona feni ndogo. Jaribu kuizungusha kwa vidole. Pampu nzima huzunguka kwa ulaini, na ukiipa msukumo inaendelea kidogo yenyewe. Yako nadhani haitasogea. Ikiwa imekaza, angalia ncha ya shafti, yaani mhimili unaozunguka, katikati ya feni, kwani nyingi zimechongwa mfereji mdogo wa kuingiza bisibisi bapa. Ingiza bisibisi na usukume taratibu kushoto na kulia. Usilazimishe kwa kushika mapanga ya feni, ni ya plastiki na yatavunjika.

Nikueleze kwa nini inakaza. Pampu hizi ndogo za nusu hosipawa zina impela, yaani gurudumu linalosukuma maji, ya shaba nyeupe au ya njano, bapa kama sahani, yenye meno mafupi pembezoni. Inazunguka ndani ya nyumba ya chuma, na nafasi kati yake na ukuta wa chuma ni nyembamba kuliko ukucha. Wembamba huo ndio unaoipa nguvu ya kupandisha maji juu ya tangi ingawa mota ni ndogo. Ila shaba na chuma vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholiwa, na kutu yake inajaza ile nafasi. Tabaka jembamba tu linatosha kuifunga impela isisogee.

Bisibisi ikishindwa, fungua bolti za kichwa cha mbele, pale bomba linapoingia na kutokea. Utaiona impela na utaona kutu ya rangi ya udongo imejaa pembeni yake. Isugue kwa msasa laini, ukutani na kwenye uso wa impela, usiitoboe wala kuipinda. Gasketi, ile karatasi inayoziba maungio, ikichanika, tengeneza nyingine kwa karatasi ya gasketi, inauzwa dukani kwa vipande. Kazi yote hii ni ya saa moja na haihitaji shilingi elfu sitini na tano. Kama hujazoea kushika spana, mpe fundi, lakini mwambie akufungulie mbele ya macho yako na mkubaliane bei ya kufungua na kusafisha peke yake.

Ikiwa feni inazunguka vizuri kwa mkono lakini ukiwasha inaunguruma tu, basi mtuhumiwa ni kapasita. Ni kile kidude cha mviringo ndani ya kisanduku cha nyaya juu ya pampu. Umeme wa nyumbani wa fezi moja, ukiachwa peke yake, hauwezi kuianzisha mota: ni sawa na watu wawili wanaosukuma mlango kutoka pande mbili kwa nguvu sawa, mlango unatetemeka na hauendi popote. Kapasita ndiyo inayoupa upande mmoja nafasi ya kutangulia. Ikidhoofika, mota inabaki kuunguruma. Isome maandishi yake. Pampu ya ukubwa wako mara nyingi ina ya maikrofaradi 8 hadi 12 na volti 450. Nunua yenye maikrofaradi zilezile. Volti zinaweza kuwa sawa au zaidi, zisipungue. Bei yake ni elfu chache tu. Mafundi wengine huijaribu kwa kuwasha umeme na kuizungusha feni kwa kijiti waone kama itaondoka. Jaribio hilo ni sahihi kwa fundi aliye mezani kwake, pakavu. Wewe usilifanye, hasa ukiwa umesimama kwenye udongo uliolowa kando ya kisima. Na kapasita ya zamani usiishike ncha zake mbili kwa vidole, inaweza kuwa bado imebeba umeme.

Tuseme si kutu wala kapasita. Hapo ndipo tunapofika kwenye mota yenyewe, na hapo pia sitaki mtu akuambie "imeungua" kwa kunusa tu. Mota iliyoungua ina dalili: waya umekuwa mweusi, vanishi imechunika, kuna harufu kali isiyoondoka, au breka inaanguka kila ukiwasha. Mwambie fundi apime kati ya waya na bodi ya pampu kwa mega, kile kipimo cha kuangalia kama umeme unavuja. Isomeke angalau megaohmu moja. Ikisoma chini ya hapo, asikimbilie kusuka. Pwani kwetu hewa ina unyevu, na mota iliyolala miezi ya mvua huvuta maji kwenye waya wake. Iweke kwenye jua kali siku moja au mbili ikiwa wazi, kisha ipimwe tena. Nimeona mota zikirudi salama kwa jua peke yake, huku wenyewe wakiwa wameshaambiwa watafute pesa ya kusuka.

Kama kweli imeungua, dada, ushauri wangu ni huu: hii usiisuke. Kusuka mota ni kazi nzuri na ninaiheshimu, lakini ina mahali pake. Pampu ya hosipawa moja na nusu, au ile ya kuzamisha kisimani yenye bodi ya stenlesi, inastahili kusukwa kwa sababu mpya yake ni ghali na mwili wake unadumu. Pampu ya nusu hosipawa yenye miaka mitatu kwenye maji ya chumvi ina kichwa kilichokwisha kuliwa kiasi. Utalipa 65,000, zaidi ya nusu ya bei ya mpya, upate mota mpya iliyofungwa kwenye kichwa kilichochoka. Isitoshe, kusuka kunategemea sana mkono wa fundi. Lazima ahesabu mizunguko ya waya wa zamani, apime unene wake, arudishe vilevile, apige vanishi na kuikausha. Akipunguza mizunguko au akitumia waya mwembamba kwa sababu ndio alionao, pampu itafanya kazi wiki kadhaa kisha itarudi palepale. Kwa pampu kubwa unaweza kumdai fundi haya yote. Kwa ndogo, bei anayokutoza haimruhusu kuyafanya kwa uangalifu.

Pampu nyingi za bei ndogo siku hizi zimesukwa kwa alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwarua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini. Hilo nalo linapunguza sababu za kuhangaika nayo.

Katikati ya kutu na kuungua kuna beringi na sili, na hapa uamuzi unahitaji kichwa kilichotulia. Beringi ikifa pampu inapiga kelele ya kusaga kabla ya kukwama. Namba yake imechongwa ubavuni, kwa pampu za saizi yako mara nyingi ni 6201 au 6202, na ni beringi zilezile zinazotumika kwenye vifaa vingi, hivyo hazikosekani mjini. Lakini jiulize beringi imekufaje. Ukiikuta ina kutu, maana yake maji yameifikia, na maji huifikia kwa kupitia sili ya shafti, ile inayotenganisha upande wa maji na upande wa umeme. Kubadilisha beringi ukaacha sili ya zamani ni kutupa pesa, kwani maji yatarudi na safari hii yataingia kwenye waya. Kabla mvua hazijaanza, je, uliwahi kuona matone yakidondoka katikati, pale kichwa kinapokutana na mota? Kama ndiyo, sili ilishaisha tangu wakati huo.

Kabla ya kulipia beringi na sili, kichwa chenyewe nacho kina neno lake. Kumbuka mwaka jana, au ipime leo ikishazunguka: weka ndoo ya lita 20 pale bomba linapotokea na uangalie saa. Pampu yako ikiwa nzima, kisima kikiwa si kirefu na tangi likiwa halijainuliwa juu sana, ndoo inajaa kwa dakika moja hivi au pungufu. Ikichukua dakika mbili na nusu au tatu, na bomba la kunyonya halivuti hewa, meno ya impela yameliwa na mchanga na chumvi. Hapo hata mota ikiwa nzima kama ilivyotoka kiwandani, utachoma luku usiku kucha kujaza tangi. Impela ya aina inayouzwa sana unaweza kuipata Mtwara mjini. Ya aina ngeni itabidi iagizwe Dar es Salaam, Kariakoo au Gerezani, ije kwa basi, nawe uwe umepeleka ya zamani au picha yake yenye vipimo, ukingoja huku mchicha unakauka. Hicho ni kipimo ninachokiamini kuliko umri wa pampu: kama spea yake haipo mjini kwako, hesabu kwamba haitengenezeki, hata kama kwa kanuni inatengenezeka.

Kwa hiyo, kwa pampu yako hii: ikiwa ni kutu au kapasita, tengeneza wala usiwaze. Ikiwa ni beringi na sili na ndoo inajaa kwa muda mzuri, tengeneza, ilimradi jumla ya spea na ufundi isivuke elfu hamsini. Ikiwa ni beringi, sili na impela kwa pamoja, au waya umeungua, nunua mpya. Ya zamani usiitupe. Kifuniko, feni, kapasita kama ni nzima, hata bolti zake, vitakufaa, na mabaki wanunuzi wa chuma chakavu wanayapima kwa kilo.

Ukinunua, usishawishike na hosipawa moja kwa sababu "ina nguvu zaidi". Itamaliza maji ya kisima chako upesi zaidi na itadai umeme ambao waya wako huenda hauwezi kuubeba. Kwa maji ya chumvi uliza yenye shafti ya stenlesi na impela ya stenlesi au ya plastiki ngumu. Ibebe mkononi: mbili zenye maandishi sawa ya nguvu, nyepesi mno ndiyo yenye chuma na waya kidogo ndani. Tafuta alama ya Shirika la Viwango (TBS), dai risiti na karatasi ya waranti, na iwashwe mbele yako dukani kwa sekunde chache tu, kwa sababu ikizunguka kavu kwa muda sili yake inaungua.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hujaniuliza, nalo linaniuma zaidi, kwa sababu ndilo linaloua pampu ya pili na ya tatu baada ya ya kwanza. Kisima chako kiko umbali gani kutoka nyumbani, na waya unaoupeleka umeme huko ni wa unene gani? Bustani nyingi nilizoziona zinavuta umeme kwa ekstensheni au kwa waya mwembamba wa taa uliounganishwa viraka vitatu. Pampu ndogo ikishazunguka inakula kama ampea tatu, lakini pale inapoanza inaweza kudai kama 12. Kwa mita 60 za waya wa milimita moja ya mraba, ampea 12 zinapoteza kama volti 27 njiani. Waya wa milimita mbili na nusu unapoteza kama 11 tu. Umeme wetu unatakiwa kuwa volti 230. Jioni, majirani wote wakiwa wamewasha vitu vyao, huenda ukutani kwako unapata 205, na ukiondoa za njiani pampu inabaki na chini ya 180. Nguvu ya mota kujizungusha haipungui kwa kiwango kilekile cha volti, inapungua kwa kasi zaidi: kwa volti 180 inabaki asilimia 61 tu ya nguvu yake. Ongeza kutu kidogo hapo, na umepata pampu inayounguruma.

Kwa hiyo omba fundi apime volti kwenye nyaya za pampu pampu ikiwa inafanya kazi, jioni, kule kisimani. Asipime sebuleni asubuhi. Akikuta ni kidogo, pesa ya kwanza nenda nayo kwenye waya. Mwagilia alfajiri, umeme ukiwa na nguvu; na mboga zenyewe zinapenda hivyo. Aweke ethi ya kweli pale kisimani na breka inayokata umeme ukivuja, maana mtu aliyelowa akishika bomba la chuma la pampu inayovuja umeme hana wa kumwokoa.

Angalia pia urefu wa kunyonya. Pampu ya juu ya ardhi, hata ikiwa ya bei gani, haiwezi kunyonya maji yaliyo zaidi ya mita saba au nane chini yake. Ni hewa inayoyasukuma maji kupanda, na hewa ina kikomo chake. Kiangazi kikikolea, Septemba na Oktoba, maji ya kisima yanashuka, na pampu iliyokuwa inafanya kazi vizuri Juni inaanza kuzunguka kavu. Kama maji yako yanashuka hivyo, ishushe pampu karibu na maji kwenye kijukwaa kikavu, na hakikisha valvu ya chini ya bomba la kunyonya inashika maji yasirudi.

Mvua zijazo zikianza, usiiache na maji ya chumvi. Vuta ndoo mbili za maji baridi yasiyo na chumvi, hata ya mvua yanafaa, izime, fungua kizibo, igeuze yamwagike yote, ikaushe na kuiweka ndani. Kila baada ya wiki mbili mtume mtoto mkubwa azungushe feni kwa bisibisi mizunguko michache, ikiwa haina umeme.

Kuhusu mashine ya kukatia majani, yenyewe ina mota ya aina tofauti, inayotumia kaboni mbili ndogo zinazosugua shaba inayozunguka. Kaboni zinaisha kwa matumizi, zimeumbwa ziishe. Zikibaki fupi, kama milimita tano, zinaanza kurusha cheche nyingi. Zitoe, chukua zote mbili dukani kama sampuli, nunua zenye upana na unene uleule. Ndefu kidogo fundi anaweza kuzirekebisha kwa msasa. Safisha pia ile shaba kwa kitambaa kikavu, kisha iache izunguke bila kukata majani dakika chache kaboni zijikalie. Cheche ndogo za bluu chini ya kaboni ni za kawaida. Zikiendelea kuwa kubwa na kuizunguka shaba yote kama pete baada ya kubadilisha kaboni, amecha, yaani sehemu ya mota inayozunguka, imeungua, na kwa mashine ndogo kama hiyo amecha mpya mara nyingi inakaribia bei ya mashine nzima. Hapo nunua nyingine. Lakini anza na kaboni, kabla majani hayajakuzidi.